Barua ya wazi kwa HELB, Benki Kuu na Mpokezi Rasmi: Mwacheni mdaiwa aingie kazini kwanza

Kwa Waziri wa Elimu, HELB (Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu), Gavana wa Benki Kuu ya Kenya na Mpokezi Rasmi wa mali za waliofilisika. Nakala kwa Kamati ya Elimu ya Bunge la Taifa.

Waheshimiwa,

Nitatanguliza ombi, msije mkachoka kabla ya kulifikia. Adhabu ya mkopo wa HELB isihesabiwe mpaka mkopaji awe na kipato. Vyeti vya HELB na vya CRB, yaani mashirika yanayoweka kumbukumbu za mikopo ya watu, visitumiwe kumzuia mtu asiingie kazini, kwani mshahara wa kazi hiyo ndio utakaolipa deni lenyewe. Na aliyeshindwa kabisa aonyeshwe njia za ufilisi ambazo Bunge lilizipitisha mwaka 2015, kisha zikakaa kwenye vitabu vya mawakili.

Mimi ni mhudumu wa saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Mtwapa. Hapa ndipo vijana wa kutoka Kikambala, Kanamai na Shimo la Tewa huja kutafuta vyeti wanavyodaiwa na waajiri: cha KRA (mamlaka ya kodi), cha EACC (tume ya kupambana na ufisadi), cha HELB, cha CRB, na kile cha tabia njema cha polisi cha Sh1,050. Cha CRB huuzwa takriban Sh2,200. Kanuni za CRB za mwaka 2020 zilisema cheti cha kwanza kitolewe bure, lakini ni wachache wanaolijua hilo, na sijaona tangazo lolote linalowaambia. Mtu asiye na kazi hulipa zaidi ya Sh3,000 ili aonekane anafaa kupewa kazi. Wengine hukopa hizo pesa kwenye simu. Hapo tayari deni limezaa deni lingine, na barua ya ajira bado haijatiwa sahihi.

Kijana mmoja aliyesomea kazi ya maabara aliletewa ujumbe kwamba amepita usaili, kandarasi ya mwaka mmoja. Akapewa wiki moja awasilishe vyeti. Alikuja na bahasha ya kaki ndani ya mfuko wa nailoni, akakaa kwenye kompyuta ya pili kutoka mlangoni. Vyeti vingine vilipatikana. Ripoti ya CRB ikaja na alama ya deni: Sh1,340 za mkopo wa simu alizochukua akiwa mwaka wa tatu. Pesa hizo alikuwa nazo mfukoni, tena alitaka kuzilipa saa ile ile. Tatizo ni kwamba aliyemkopesha hakuonekana popote. Programu ilikuwa imeshaondolewa, nambari ya simu haipatikani, barua pepe ikarudi. Tulituma malalamiko kwa shirika la CRB, tukaambatanisha kitambulisho, tukaambiwa tusubiri uchunguzi. Wiki ikaisha. Kandarasi akapewa aliyemfuata kwenye orodha.

Sh1,340, Waheshimiwa. Kiwango cha chini cha kuorodheshwa ni Sh1,000, na Benki Kuu ndiyo iliyokiweka Aprili 2020. Wakati huo tulishangilia, kwa sababu kabla ya hapo mtu aliweza kuorodheshwa kwa Sh200. Lakini Sh1,000 ni nini leo? Haijazi hata kapu la sokoni.

Sasa nije kwa HELB, ambako hesabu ni nzito zaidi.

Chukueni mwanafunzi aliyekopeshwa Sh40,000 kwa mwaka kwa miaka minne. Ana msingi, yaani pesa zenyewe alizokopa, wa Sh160,000. Riba yake ni asilimia 4, yaani Sh6,400 kwa mwaka, na hakuna Mkenya mwenye akili timamu atakayeilalamikia riba hiyo. Hakuna benki itakayokupa mkopo kwa bei hiyo. Amehitimu, na kifungu cha 15 cha Sheria ya HELB kinampa mwaka mmoja tangu amalize masomo. Kifungu hicho hakiulizi kama amepata kazi. Mwaka ukiisha bila kulipa, adhabu ya Sh5,000 kwa kila mwezi inaanza. Ni Sh60,000 kwa mwaka. Adhabu inaipita riba zaidi ya mara tisa. Katika miezi 32 adhabu peke yake imeufikia msingi wote, na huyo kijana bado anapakia mchanga kwenye lori pale Vipingo, au anaendesha bodaboda ya mtu kwa Sh400 kwa siku.

Tena adhabu haitazami ukubwa wa deni. Aliyekopa Sh160,000 na aliyekopa Sh400,000 wote wanapigwa Sh5,000. Kwa hiyo aliyekopa kidogo, ambaye mara nyingi ni yule aliyejibana asichukue kingi, ndiye anayeumia upesi. Sijui ni mantiki gani hii. Kwenye mikopo ya benki adhabu hufuata kiasi kilichochelewa; hapa inafuata kalenda.

Najua mtakavyonijibu. Mtasema mkopaji apige simu, aeleze hali yake, apewe mpango. Ni kweli, wapo waliofanya hivyo wakasikilizwa. Lakini msamaha unaotegemea kupiga simu ni fadhila, na fadhila humfikia mwenye salio la simu na ujasiri wa kuzungumza na ofisi. Mtasema pia kwamba pesa hizo ni za mzunguko: asipolipa huyu, mdogo wake anayeingia chuo mwaka huu atakosa. Nalikubali hilo kwa moyo wote. Mikopo hii ilianza mwaka 1974, HELB yenyewe ikaundwa mwaka 1995, na walimu na madaktari wengi tulio nao wamepita humo. Dawa ya deni ni kulipa, hatubishani. Tunachobishania ni kumtoza faini mtu kwa kukosa kitu ambacho nchi nzima inakubali kwamba hakipatikani kwa urahisi, yaani ajira.

Mahakama imeshawaonyesha njia. Mwaka 2022 Jaji Alfred Mabeya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kanuni ya Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, inaihusu HELB pia: riba na adhabu haziwezi kuvuka kiasi cha msingi uliobaki pale mkopo uliposimama kulipwa. Benki za biashara zimebanwa na kanuni hiyo tangu mwaka 2007. Ina maana kwa miaka 15 aliyekopa benki kununua gari alilindwa na sheria kuliko aliyekopa serikalini kusomea ualimu. Uamuzi huo haukupaswa kuishia kwa waliofungua kesi. Ungeandikwa ndani ya Sheria ya HELB yenyewe, ili mtu asihitaji wakili kuupata.

Na kuna hii misamaha ya adhabu mnayoitangaza kila baada ya muda. Magazetini inapendeza. Masharti yake kwa kawaida ni kwamba ulipe msingi wote kwa mkupuo mmoja, ndipo adhabu ifutwe. Nani mwenye Sh160,000 za mkupuo? Ni aliyekuwa na kazi miaka yote akakaidi kulipa, au aliye ughaibuni. Yule wa lori la mchanga hana. Msamaha wenu unamzawadia aliyeweza kulipa akakataa, na kumpita aliyetaka kulipa akakosa. Kama kuna jambo moja katika barua hii ningependa mlijadili kikaoni, basi ni hili.

Majirani zetu walikutana na tatizo hilo hilo. Tanzania, siku ya Mei Mosi mwaka 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa Mwanza alitangaza kuifuta tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kwenye madeni ya wanafunzi kila mwaka ili kulinda thamani ya fedha. Baadaye mwaka huo huo ikafutwa na ile adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Makato yao kazini bado ni makali, asilimia 15 ya mshahara, na wafanyakazi wa kule wananung'unika si haba. Lakini asilimia 15 ya mshahara hukatwa kwenye mshahara. Asiye na mshahara hakatwi kitu. Uingereza nako, mhitimu hulipa asilimia 9 ya kile kinachozidi kiwango fulani cha kipato. Akipoteza kazi, malipo yanasimama yenyewe, hahitaji kumpigia mtu simu.

Marekani walichukua njia nyingine, na naitaja ili tusiifuate. Mwaka 1976 Bunge lao liliwawekea masharti wahitimu waliotaka kufuta mkopo wa masomo kwa kufilisika: wasubiri miaka mitano. Mwaka 1990 ikawa saba. Mwaka 1998 muda wa kusubiri ukaondolewa kabisa, ukabaki mlango mmoja wa kumthibitishia hakimu kwamba unateseka kupita kiasi, na kesi moja ya New York ya mwaka 1987 ikaufanya mlango huo kuwa mwembamba sana. Matokeo yake, mtu huko hufilisika, kadi zake za mkopo zikafutwa, deni la hospitali likafutwa, akatoka mahakamani na deni la chuo lile lile. Ilipofika Novemba 2022 Wizara yao ya Haki ililazimika kutoa mwongozo mpya ili wanaostahili waweze angalau kusikilizwa bila kupigwa vita na mawakili wa serikali.

Turudi kwetu. Gavana, Benki Kuu yako imeonyesha kwamba ikitaka inaweza. Novemba 2022 mlianzisha mpango wa kuyasafisha majina ya waliokopa kwa simu: mkopo wa siku 30 au chini ya hapo uliokwama, upunguzwe angalau nusu, mkopaji apewe hadi 31 Mei 2023 kumaliza, na hadhi yake CRB ibadilishwe. Watu zaidi ya milioni 4.2 walikuwa na alama mbaya za mikopo ya aina hiyo. Wengine walipitia hapa saibani. Walifurahi, wakalipa Sh600, Sh900, wakaondoka. Mpango ulipokwisha mlango ukafungwa, na deni la HELB halikuwahi kuwa ndani yake tangu mwanzo.

Shida ni kwamba baada ya kulipa, jina halirudi kama lilivyokuwa. Taarifa mbaya huweza kubaki kwenye kumbukumbu hadi miaka mitano tangu deni liishe. Mkopeshaji makini atasoma kwamba limelipwa na tarehe yake. Afisa ajira anayekagua vyeti 200 kwa siku moja haoni tarehe, anaona alama. Kanuni zinamruhusu kila mtu kupata ripoti yake bure mara moja kwa mwaka, na zinamtaka mkopeshaji amjulishe mteja siku 30 kabla ya kumworodhesha. Haki hizo ni nzuri. Lakini ujumbe wa onyo hutumwa kwenye laini ya simu iliyotupwa zamani, na ripoti ya bure inaombwa na anayejua kwamba ipo.

Kuna upande mwingine wa CRB ambao hauzungumzwi. Tangu kanuni za mwaka 2013, mashirika haya yanapokea pia habari njema: aliyelipa kwa wakati, aliyemaliza mkopo. Hapo ndipo mtu aliyeanguka angejijengea jina upya. Mama anayeuza samaki Shanzu, anayeweka Sh200 kila wiki kwenye Sacco na kulipa mkopo wake bila kuchelewa, ana rekodi safi kuliko ya wabunge wengi. Kanuni za mwaka 2020 zinaruhusu Sacco kupeleka taarifa hizo, lakini kuruhusiwa si kulazimishwa. Mhitimu akianza kulipa HELB Sh1,500 kwa mwezi, kila malipo yangepaswa kusomeka kwenye ripoti yake kama alama njema, kwa kasi ile ile ambayo alama mbaya husomeka.

Mpokezi Rasmi, nimekuacha wewe mwisho kwa sababu ofisi yako ndiyo isiyojulikana kabisa. Nikiwauliza wateja wangu ufilisi ni nini, wanataja makampuni: kiwanda cha sukari kimewekwa chini ya mrasimu (msimamizi wa mali za mdaiwa), duka kubwa limefungwa. Hawajui kwamba Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, iliyoondoa ile ya enzi ya ukoloni, ina sura nzima kwa ajili ya mtu binafsi. Hawajui kwamba anayetangazwa mufilisi huachiliwa baada ya miaka mitatu tangu awasilishe taarifa ya mali na madeni yake, kama hakuna aliyepinga. Wanadhani ni doa la maisha, labda kwa sababu walichowahi kusikia ni Ibara ya 99 ya Katiba inayomzuia mufilisi ambaye hajaachiliwa kuwa mbunge. Kijana wa Mtwapa hana haja na ubunge. Ana haja ya simu isiyolia kila saa kumi na mbili asubuhi.

Na si lazima afike kwenye ufilisi kamili, wenye ombi la mahakamani, tangazo gazetini na ada za wakili. Sheria hiyo hiyo inaruhusu makubaliano ya hiari na wadai. Inaruhusu amri ya kulipa kidogo kidogo kwa awamu. Na ina utaratibu wa mdaiwa asiye na mali, ambao nimeusoma mara kadhaa nikidhani nimekosea: mtu mwenye madeni yasiyopungua Sh100,000 na yasiyozidi Sh4,000,000, asiye na mali ya kuuzwa wala uwezo wa kulipa, ambaye hajawahi kutangazwa mufilisi, anapeleka ombi kwako moja kwa moja. Hakuna hakimu. Akikubaliwa, wadai wanasimamishwa, na baada ya miezi 12 anaachiliwa. Hiki ni kipimo kilichokatwa kwa ajili ya mhitimu wa kawaida asiye na kazi. Mbona hakuna anayekivaa?

Nitasema ninavyoona. Fomu ziko kwa Kiingereza cha mahakama. Ofisi iko Nairobi. Vituo vya Huduma vya Mombasa na Kilifi vinatoa vitambulisho, leseni na vyeti vya tabia njema, lakini sijakutana na mteja aliyepewa huko karatasi ya kumweleza njia hizi. Wadai nao wanazo sababu za kunyamaza. Programu ya mkopo inayomtishia mtu kwa ujumbe saa tisa usiku haitamwambia kwamba kuna afisa wa serikali anayeweza kuizuia. Ikumbukwe kwamba kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za mwaka 2022 zimekataza kuwapigia jamaa na marafiki wa mdaiwa kumwaibisha, lakini wateja wangu bado wananionyesha jumbe walizopelekewa shemeji zao.

Kwa hiyo nasema hivi. Waziri na Bunge: rekebisheni kifungu cha 15, malipo yafuate kipato, adhabu iwe sehemu ya kiasi kilichochelewa na isivuke msingi, kama mahakama ilivyosema. HELB: cheti kitolewe kwa anayeanza kazi akitia sahihi ya kukatwa kwenye mshahara wa kwanza, mwajiri tayari anabanwa na sheria kuwakata na kuwasilisha, mnaogopa nini? Msamaha wa adhabu utolewe kwa anayelipa kidogo kidogo bila kukosa kwa mwaka mzima, na si kwa mwenye mkupuo peke yake. Wadhamini nao, ambao wengi ni wazazi wazee, wasiguswe kabla mkopaji mwenyewe hajatafutwa. Gavana: mkopeshaji asiyepatikana kwa simu wala barua apoteze haki ya kuliacha jina la mtu CRB, na ripoti ya CRB ibaki kuwa chombo cha kukopesha. Mtu anayeomba kazi ya kupima damu hospitalini haombi mkopo.

Mpokezi Rasmi, kwako ni karatasi moja tu. Upande mmoja na wa pili, kwa Kiswahili anachokielewa mzazi wa Ganze: nani anastahili, anapeleka nini, wapi, kwa ada gani, anakatazwa nini katika miezi hiyo 12, jina lake CRB litasomekaje akishaachiliwa, na deni la HELB linaingia wapi katika kila mojawapo ya njia hizo. Hilo la mwisho liandikwe bila kuzungukazunguka, liwe jibu la ndiyo au hapana. Ikitoka, nitumieni. Hapa tunatoza Sh10 kwa ukurasa. Hiyo nitaichapisha bure.

Wenu,
Mhudumu wa saiba, Mtwapa, Kaunti ya Kilifi